Askari amerudi, lakini aliyerudi ni nani? Riwaya za wanawake zatujibu

Bila shaka umeiona ile video. Mwanajeshi wa Marekani amejificha nyuma ya pazia la ukumbi wa shule, magwanda yamepigwa pasi, pumzi ameizuia. Mtoto wake yuko mbele ya wanafunzi wenzake na hajui lolote. Pazia linafunguka. Mtoto anapiga mbio, mama anaangua kilio, umati mzima unasimama kupiga makofi. Nawe uko kwenye matatu, simu mkononi, unapangusa chozi huku ukijifanya ni vumbi la Jogoo Road. Unaituma kwa grupu ya familia, kisha maisha yanaendelea.

Sasa nikuulize: Jumanne ya wiki iliyofuata ilikuwaje katika nyumba hiyo? Usiku alipata usingizi? Sufuria ilipoanguka jikoni, alifanya nini? Na nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mtu aliyerudi si yule aliyeondoka?

Video haikuambii. Huishia pale kwenye kumbatio. Lakini kuna hadithi ambazo huanzia hapo hapo video inapozimwa, na kwa zaidi ya miaka 100 sasa, baadhi ya walioziandika vizuri kabisa ni wanawake. Askari amejeruhiwa mwili, akili, au vyote viwili. Amerudi. Mlangoni amesimama mke, dada, mama, binti au mchumba ambaye hakuna aliyemfunza la kufanya.

Huenda unasema, hizo si ni stori za wazungu, mimi zinanihusu nini? Vuta subira, tutafika nyumbani. Lakini kwanza tuanze mbali kidogo, maana huko ndiko swali lenyewe lilikoulizwa mapema.

Apone ili arudi kufa?

Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinanguruma, Mwingereza Rebecca West alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Return of the Soldier. Alikuwa na miaka 25 tu. Ni kijitabu chembamba, unaweza kukimaliza wikendi moja na ukabaki na muda wa kufua.

Kapteni Chris Baldry amerudi kutoka Ufaransa. Ukimtazama, yuko fiti. Mikono iko, miguu iko. Kilichopotea ni miaka 15. Mlipuko umemfuta kumbukumbu, na kichwani mwake bado ni kijana mdogo aliyependa msichana wa hoteli ndogo kando ya mto. Mkewe, Kitty, mrembo wa kupigiwa mfano na mwenye nyumba ya kifahari, hamjui kabisa. Anayemtaka ni Margaret, yule msichana wa zamani, ambaye sasa ni mke wa mtu, nguo zimechakaa na mikono imekomaa kwa kazi za nyumbani.

Anayesimulia si Chris. Ni binamu yake Jenny, anayeishi humo ndani na anayempenda kimyakimya. Kwa hivyo vita vyenyewe hutavioni. Utawaona wanawake watatu wameketi sebuleni wakijaribu kuamua wamfanyie nini mwanamume mmoja.

Hapo ndipo penye mwiba. Chris ana furaha. Amesahau mitaro, amesahau maiti, amesahau hata mwanawe mdogo aliyefariki kabla ya vita. Margaret anagundua kwamba vitu vya yule mtoto vinaweza kumrudishia akili. Lakini akipona, yeye ni afisa mzima wa afya, na afisa mzima wa afya mahali pake ni kwenye mstari wa mbele. Kumtibu ni kumrudisha mautini. Kumwacha ni kumfanya mtoto maisha yake yote. Wewe ungefanyaje?

Sitakuharibia mwisho. Nitakwambia tu kwamba madaktari wa wakati huo walikuwa na jina jipya kwa ugonjwa huu. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliuandikia katika jarida la kitabibu la The Lancet akiuita mshtuko wa makombora. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza kiwewe cha aina hii katika mwongozo wake rasmi wa magonjwa mwaka 1980, kwa jina ambalo leo wengi wanalijua kwa herufi PTSD. Hesabu mwenyewe. Tangu kitabu cha West hadi hapo ni miaka 62. Waandishi wa riwaya walikuwa wamekaa na wagonjwa hawa sebuleni muda wote huo.

Hahisi chochote

Miaka saba baada ya West, mwaka 1925, Virginia Woolf alitoa Mrs Dalloway. Riwaya nzima inafanyika siku moja ya Juni, mwaka 1923, jijini London. Vita vimeisha karibu miaka mitano iliyopita. Watu wananunua maua, wanapanga karamu. Katikati ya shamrashamra hizo anapita kijana anayeitwa Septimus Warren Smith, ambaye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitolea kwenda vitani.

Afisa aliyekuwa rafiki yake mkubwa, Evans, aliuawa vita vikielekea ukingoni. Septimus hakulia. Wakati huo alijipongeza kwamba amekuwa mwanamume kweli, hatikisiki. Baadaye ndipo alipogundua kwamba hatikisiki kwa lolote, hata kwa mkewe. Umewahi kumsikia mtu akisifiwa hapa kwetu kwamba "huyo ni mgumu, hakutoa hata chozi matangani"? Woolf alikuwa anatuonya kwamba wakati mwingine huo ugumu ndio ugonjwa wenyewe.

Ila mimi nataka umtazame Rezia, mkewe. Ni Mtaliano, fundi wa kofia kutoka Milan. Amemfuata mumewe hadi nchi ngeni, hana mama karibu, hana shoga wa kumwambia. Mumewe anazungumza na marehemu bustanini, watu wanawakodolea macho, naye anaona aibu, kisha anaona aibu kwa kuona aibu. Daktari wa kwanza anamwambia mumewe hana ugonjwa wowote, atafute tu cha kumshughulisha. Daktari wa pili, mkubwa, wa ada kubwa, anaamua mgonjwa atengwe na mkewe akapumzishwe mashambani. Hakuna anayemuuliza Rezia yeye anaona nini, ilhali ndiye anayelala naye kitanda kimoja.

Na bado kuna wakati, dakika chache tu, Rezia anashona kofia na Septimus anamsaidia kupanga mapambo. Wanacheka. Wanakuwa mume na mke tena. Kisha daktari anapanda ngazi, na Septimus anajitoa uhai. Soma ukurasa ule wa kofia polepole. Ukishaishi na mgonjwa wa aina hii utajua kwamba dakika kama hizo ndizo zinazowafanya watu wabaki, hata wakati kila mtu anawashauri wahepe.

Na pesa je?

Wacha tuongee ukweli mwingine ambao video haionyeshi. Askari akirudi bila uwezo wa kufanya kazi, nani analipa kodi ya nyumba?

Dorothy L. Sayers aliandika riwaya za upelelezi, zile za kusoma ukitaka kujua nani muuaji. Mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, mwenyewe ni askari aliyerudi na majinamizi, na mtumishi wake Bunter ndiye aliyekuwa sajenti wake huko vitani. Lakini katika The Unpleasantness at the Bellona Club, iliyotoka mwaka 1928, kuna wanandoa wa pembeni ambao ni vigumu kuwasahau: George na Sheila Fentiman.

George aliingia vitani mzima, akatoka na gesi ya sumu tumboni na akili iliyochoka. Kazi haipati, au akiipata haikai. Sheila ndiye anayetoka kila asubuhi kutafuta riziki. Ungedhani George angeshukuru. Wapi! Anamrushia maneno mbele ya wageni. Analalamika kuhusu wanawake wa siku hizi. Kila shilingi anayoleta mkewe inamkumbusha kwamba yeye haileti, na hasira hiyo inamwangukia aliye karibu. Sheila hajibu. Anamtetea kwa wageni, anasema ni maumivu tu, si yeye.

Sayers alijua anachokiandika. Miaka miwili kabla ya kitabu hicho alikuwa ameolewa na mwanahabari aliyepigana katika vita hivyo. Na wewe huhitaji kwenda London ya mwaka 1928 ili uielewe nyumba hii. Iko Umoja, iko Kisauni, iko Kondele. Mwanamume aliyefunzwa tangu utotoni kwamba thamani yake ni mfuko wake, mfuko ukikauka anatafuta wa kumlipisha.

Mapenzi si daktari

Sasa tufike kwenye riwaya za mapenzi, zile za kusoma chini ya blanketi. Huko askari mwenye kovu ni mhusika wa miaka yote. Amerudi, amejifungia, hataki kuonana na mtu. Anaingia msichana jasiri mwenye moyo mwema. Kurasa 300 baadaye anatabasamu, wanafunga ndoa.

Usizidharau. Zipo zilizoandikwa kwa akili. Mary Balogh, kwa mfano, ana mfululizo wa riwaya saba kuhusu kundi la watu waliovunjwa na vita vya Uingereza dhidi ya Napoleon, ulioanza na The Proposal mwaka 2012. Mmoja ni kipofu, mwingine miguu ilipondeka, mwingine aliumia kichwani na maneno yanamkwama. Kati yao yuko pia mwanamke mmoja. Jambo zuri alilofanya Balogh ni hili: kabla ya mapenzi kuingia, watu hawa wamekaa pamoja miaka mitatu katika nyumba ya rafiki yao huko Cornwall wakiuguzwa na kusikilizana, na kila mwaka wanarudi kukutana. Mchumba anapofika, hakuti magofu. Anakuta mtu ambaye tayari anajengwa na wenzake.

Tatizo ni zile nyingine, zinazokuuzia wazo kwamba mapenzi yako yakitosha, atapona. Dada yangu, hebu tusikizane hapo. Ukiamini hivyo, asipopona utajilaumu wewe. Utasema hukumpenda vya kutosha, hukunyamaza vya kutosha, uliweka chumvi nyingi kwenye mboga.

Dawa ya imani hiyo ni The Great Alone ya Mmarekani Kristin Hannah, iliyochapishwa mwaka 2018. Ernt Allbright alikuwa mateka Vietnam. Mwaka 1974 anaihamisha familia yake hadi Alaska, akidhani hewa safi na upweke vitamtuliza. Mkewe Cora anampenda kwa moyo wote. Anamkumbuka alivyokuwa kabla ya vita na kila siku anasubiri yule wa zamani arudi. Binti yao Leni, wa miaka 13, ndiye anayetuonyesha hali halisi: majira ya baridi yakiingia na giza likizidi, baba anakuwa hatari, na mama anaficha alama za kipigo huku akimtafutia sababu.

Hannah haandiki kwamba Ernt ni shetani. Unaona wazi kwamba vita vilimharibu. Lakini pia haandiki kwamba kuharibiwa kunampa mtu ruhusa. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: ameumia, na haruhusiwi kukuumiza. Ukitoka na sentensi hiyo moja tu kwenye makala haya, mimi nimeridhika.

Binti wa miaka 17 anauliza maswali

Kama wewe ni wa rika la shule ya upili au ndiyo umetoka tu, anza na In Country ya Bobbie Ann Mason, ya mwaka 1985. Ni majira ya kiangazi ya 1984, mji mdogo wa Kentucky. Sam Hughes ana miaka 17. Babake alikufa Vietnam kabla hajamwona. Anaishi na mjomba wake Emmett, aliyerudi mzima kwa kutazama, lakini hafanyi kazi, ana vipele usoni ambavyo Sam anahofia vimetokana na kemikali iliyonyunyizwa kwenye misitu ya Vietnam, na hataki kusimulia lolote.

Sam ni kama wewe. Anasikiliza muziki, anatazama TV, ana chali ambaye ameanza kumchosha. Lakini swali moja halimtoki: huko kulitokea nini? Kila mtu mzima anamwambia aachane na hayo, ni mambo ya zamani. Mwishowe anabeba mkoba na kwenda kulala peke yake kwenye kinamasi, angalau aonje askari walivyohisi. Emmett anapomtafuta na kumpata asubuhi, ndipo hatimaye mdomo unafunguka na machozi yanatoka. Hakulazimishwa na daktari wala mke. Alifunguka kwa sababu kijana mmoja alikataa kuambiwa "nyamaza".

Toni Morrison naye, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993, aliandika kitabu kifupi kiitwacho Home, kilichotoka mwaka 2012. Frank Money ni Mmarekani mweusi aliyepigana Korea. Marafiki zake wawili wa utotoni walifia huko. Amerudi kwenye nchi ambayo ilimpa bunduki lakini bado inambagua akitaka kula au kulala. Lily, mwanamke aliyeishi naye, anatamani kununua nyumba, anajitahidi na kushona kwake, huku Frank ameketi tu akitazama sakafu. Frank anapoondoka, Lily anahisi ahueni. Morrison hamhukumu kwa hilo, na wewe usimhukumu.

Frank anaondoka kwa sababu dada yake Cee yuko taabani mikononi mwa daktari anayemfanyia majaribio. Anamwokoa, anampeleka kijijini kwao Georgia. Kisha wanawake wa kijiji wanamchukua Cee na kumfukuza Frank mlangoni: wewe kaa mbali, hii ni kazi yetu. Dada anapona. Na kupona kwa dada ndiko kunakompa kaka nguvu ya kukiri, kwake mwenyewe na kwa msomaji, jambo baya alilolitenda Korea ambalo mwanzoni alikuwa amelisimulia kana kwamba alilitenda mtu mwingine.

Hapo Morrison anagusa kidonda ambacho wengi hukikwepa. Si kila askari anateswa na aliyotendewa. Wengine wanateswa na waliyoyatenda.

Aliyerudi akiwa mama

Mpaka sasa tumesema "askari" na kichwani mwako umemwona mwanamume. Sivyo?

Katika Home Front, pia ya Kristin Hannah, ya mwaka 2012, askari ni Jolene Zarkades, rubani wa helikopta ya kijeshi, mke na mama wa mabinti wawili. Mumewe, wakili, anamwambia hampendi tena, halafu amri ya kwenda Iraq inafika. Helikopta inaanguka. Jolene anarudi akiwa amepoteza mguu, na rafiki yake wa dhati hajitambui hospitalini. Bintiye mkubwa anauona mguu uliokatwa na kushtuka. Sasa ni mume anayepaswa kujifunza yale ambayo wanawake wa riwaya za awali walijifunza: kupika, kuosha kidonda, kuvumilia kununiwa.

Tazama tofauti. Mwanamume akirudi amevunjika, nyumba nzima huambiwa itembee kwa vidole. Mwanamke akirudi amevunjika, anaulizwa chakula cha jioni kiko wapi. Jolene mwenyewe anajiuliza hivyo kabla hajaulizwa na mtu.

Mwaka 2024 Hannah aliendeleza hoja hiyo kwa The Women. Frankie McGrath ni msichana wa familia tajiri ya California. Ofisini kwa babake kuna ukuta wa picha za mashujaa wa ukoo, wanaume watupu. Frankie anajiunga na jeshi kama muuguzi, anakwenda Vietnam, anashika mikono ya vijana wanaokufa. Anaporudi anakuta wazazi wamewaambia majirani kwamba alikuwa masomoni Ulaya. Akienda kuomba msaada wa wanajeshi wastaafu, anaambiwa kwamba hakukuwa na wanawake Vietnam.

Ni riwaya, ndiyo. Lakini wauguzi walikuwepo kweli, kwa maelfu. Kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita hivyo jijini Washington, wenye majina zaidi ya 58,000, mna majina ya wanawake 8. Sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliohudumu Vietnam ilizinduliwa Novemba 1993, zaidi ya miaka 20 baada ya wanajeshi wa Marekani kuondoka huko.

Na hapa kwetu?

Ukipita Kenyatta Avenue, Nairobi, umewahi kuzitazama zile sanamu tatu za shaba zilizosimama katikati ya barabara? Wengi huzipita wakikimbilia gari. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata jina la Kariokor limetokana na kikosi hicho cha wabebaji, na maelfu kwa maelfu yao walifia njiani. Sanamu zile zimesimama wima. Hakuna aliyeegemea mkongojo. Hakuna sanamu ya mama aliyefungua mlango.

Waandishi wetu wamejaribu kuufungua. Ngugi wa Thiong'o, katika Weep Not, Child ya 1964, alimchora Boro, aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia akiwa amempoteza ndugu yake, akakuta hana shamba wala kazi. Margaret Ogola naye, katika The River and the Source ya 1994, ambayo huenda ulitahiniwa shuleni bila kuionja vizuri, alimchora Obura, mwana wa Akoko, anayekwenda vitani na asirudi. Tunapewa jicho la mama aliyeachwa na maswali. Rudi ukaisome tena bila kuogopa mtihani.

Afrika Magharibi yuko Delia Jarrett-Macauley na Moses, Citizen and Me, iliyoshinda Tuzo ya Orwell mwaka 2006. Humo anayerudi kutoka vita vya Sierra Leone ni mtoto wa miaka minane. Amelazimishwa kupigana, na amemuua nyanyake mwenyewe. Sasa familia hiyo hiyo inapaswa kumlisha na kumlaza. Shangazi kutoka London anafika na hajui hata pa kuanzia. Kinachowasaidia watoto hao kuongea ni mchezo wa kuigiza, Julius Caesar wa Shakespeare, ule ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963.

Sasa fikiria. Wanajeshi wa Kenya walivuka kuingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa. Januari 27, 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Waliokufa tunawakumbuka, ingawa si vya kutosha. Je, waliorudi? Wako kwenye mitaa yetu. Wengine ni baba za wanafunzi wenzako. Wengine ni yule jirani mkimya wa ghorofa ya tatu ambaye watoto wanaambiwa wasimpigie kelele, na mkewe ambaye akiulizwa vipi hujibu "tuko tu" na kufunga mlango.

Hawa wana hadithi, na pengine anayeweza kuiandika ni wewe unayesoma. Huhitaji kuwa uliwahi kushika bunduki. West hakushika, Woolf hakushika, Morrison hakushika. Walisikiliza waliokuwa jikoni.

Uanzie wapi?

Ukiwa na wikendi moja, chukua West au Morrison, vyote vifupi. Ukipenda kitabu cha kukulaza usiku wa manane, chukua Hannah, ingawa nikuonye kwamba ana tabia ya kuwarundikia wahusika wake balaa hadi unataka kumwambia inatosha sasa. Ukitaka kicheko kidogo katikati ya uchungu, Mason. Uliza kwenye maktaba ya kaunti yako au wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini. Hannah na Morrison ndio wepesi zaidi kupatikana.

Na kama hadithi hii unaiishi badala ya kuisoma, kama aliyerudi ni babako, kakako, mamako au mpenzi wako, mambo matatu ambayo vitabu hivi vyote vinakubaliana. Kwanza, usimwambie asahau. Chris Baldry alisahau na haikumsaidia mtu. Pili, usibebe peke yako. Rezia alibeba peke yake. Tafuta mshauri wa kisaikolojia, tafuta familia nyingine iliyopitia hayo, zungumza na mtu hata kama ni mmoja. Akianza kusema hataki kuishi, usichukulie ni maneno tu. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Tatu, akikuinulia mkono, toka kwanza uwe salama, halafu mengine yafuate. Unaweza kumpenda ukiwa nje ya mlango.

Siku nyingine ukiiona ile video, lia tu, hakuna ubaya. Lakini ikiisha, mkumbuke yule mama aliyesimama pembeni ya mtoto akipiga makofi. Kesho yake aliamka saa kumi na moja akachemsha chai, akatembea taratibu asimshtue aliyelala, na hakuna aliyemrekodi.